Kiwanja Kifupi cha Mvumi

Rubani alikuwa kijana wa rika la wanangu, na kila alipotua Mikumi aliniamkia shikamoo kabla hata ya kuvua miwani. Dawa alizobeba zilikuwa za zahanati ya Mvumi, lakini ndege yake ndogo ilihitaji kiwanja kirefu kama chetu. Gari lilipozipeleka, yeye alibaki karakanani kwangu kulisubiri, tukila ugali na kubishana juu ya mpira.

Kisha akaniomba, kwa kuwa mimi ni fundi, niiwezeshe ndege kutua Mvumi kwenyewe, kwenye kiwanja kifupi kilichofyekwa na wakulima. Nikaifunga matairi makubwa. Juu ya mabawa nikagundisha safu ya vibati vidogo vya kuongoza upepo, ili iweze kuruka polepole bila kuanguka. Nilifanya kazi safi kabisa, mjinga mimi.

Siku hizi anapita tu juu. Akifika usawa wa karakana anainamisha bawa, kushoto kisha kulia. Najua ndiyo shikamoo yake. Nami nasimama katikati ya kiwanja, napaza sauti: “Marahaba, mwanangu!” Swala tu ndio wanaogeuza shingo.