Feni Zangu na Moshi wa Pilau Kanisani

Jamani, yule dada aliyelijaza kanisa moshi siku ya mavuno ni mimi, na kwa kuwa Sikonge nzima inaisimulia habari hii kila mtu kwa chumvi yake, bora niwaeleze mwenyewe. Aibu niliipata, sikatai, ila msitegemee nitainamisha kichwa.

Kazi yangu ni kulijenga jengo kwenye kompyuta kabla halijainuliwa, nione joto litakaa wapi, hewa itapita wapi na feni zitakula umeme kiasi gani. Mzee Maganga, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alinipigania nipewe kanisa jipya wakati wenzake walitaka mtaalamu kutoka Dar, akaniahidi nikifanya vizuri bweni jipya la wasichana wa shule ya kanisa nalo ni langu. Bweni hilo nililitaka kweli (nimelala bweni la bati mimi, nalijua jasho lake). Basi nikapanga feni kubwa juu ukutani za kutoa hewa ya moto, hewa mpya iingie madirishani, na kwenye kompyuta nikaweka madirisha wazi muda wote. Kwa nini muda wote? Kwa sababu majibu yalitoka mazuri, na mimi napenda majibu mazuri.

Mavuno yakafika, watu wakaleta mahindi, karanga, kuku, na asali ndoo kwa ndoo mbele ya madhabahu. Sasa asali ikiwa ndani, kwetu nani anaacha dirisha wazi nyuki waje kuifuata? Wazee wa kanisa wakafunga madirisha yote, nami, binti wa mrina asali, nimekaa mbele na kitenge kipya nawatazama wakifunga na sishtuki, kisha nikaenda kuwasha feni zangu kwa mbwembwe.

Feni ikitoa hewa lazima ivute nyingine kutoka mahali, na palipobaki wazi ni mlango wa nyuma tu, ambako akina mama walikuwa wanapika pilau kwa kuni mbichi. Moshi wote ukaingia ndani. Kwaya ikaacha kuimba ikawa inakohoa, mchungaji akafuta macho kwa joho, mama yangu akajifunika khanga uso mzima (sijui alikimbia moshi au alinikimbia mimi).

Mzee Maganga akaninong'oneza, "Nyamizi mwanangu, zima hayo madude."

"Sizimi, baba. Wafungue madirisha."

"Na nyuki je?"

Hapo mori ukanipanda. Nikanyanyua ndoo ya asali, nikatoka nayo nje katikati ya maombi, nikarudi kuchukua nyingine, na bibi mmoja akasema kwa sauti, "Huyu binti anaiba sadaka mchana kweupe." Nikazitoa zote hivyo hivyo, nikafungua madirisha kwa mikono yangu, na moshi ukatoka kabla mchungaji hajasema amina. Hakuna aliyenipongeza.

Baada ya ibada kamati ikaniita niombe radhi. Niliomba radhi kwa moshi, kwa feni nikakataa, maana feni zilifanya kazi yake. Mzee Maganga akanitazama kwa macho mekundu.

"Kwenye hiyo kompyuta yako, madirisha alikuwa anayafunga nani?"

Swali hilo liliniuma kuliko moshi. "Hakuna mtu, baba," nikasema. "Kanisa langu halikuwa na watu."

"Haya. Nenda kafanye bweni lenye watu, ndipo tutaongea."

Nikaenda kuwauliza wasichana wenyewe, wakaniambia jua likizama wanafunga kila kitu, wanaogopa mbu na wanaogopa watu. Nikayafunga madirisha na mimi kwenye kompyuta, majibu yakatoka mabaya, sikuyapamba, nikakata humo humo kwenye mchoro matundu chini ya kuta na kuyawekea nyavu hadi hewa ikapita. Bweni nikapewa, na wasichana wanalala.

Mjini wananiita Mama Moshi, nami naitika. Ila sitafungua tena dirisha kwenye kompyuta kabla sijamjua atakayelifunga.