Klachi Niliyoikaza Jumapili

Siku ya kwanza kazini sikuonyeshwa meza wala kiti, nilionyeshwa pikipiki. Bwana Usafirishaji, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni, alinipeleka uani nyuma ya ofisi yetu pale Posta, akaligusa tangi kwa kidole, akasema, "Ndugu Issa, hii ni mali ya umma. Ukiona mnaanguka, anguka wewe kwanza." Nilicheka. Yeye hakucheka, na baadaye nilielewa kwamba hakuwa akitania.

Nilikuwa tarishi wa pikipiki katika shirika la umma lililogawa bidhaa madukani. Kazi yangu ilikuwa kupeleka hati za kutolea mzigo, yaani karatasi zenye mihuri ambazo bila hizo mtunza ghala hamfungulii mlango hata mama yake mzazi. Nikichelewa, foleni ya sabuni Kariakoo inasimama juani, na kina mama waliopanga vikapu tangu alfajiri wananitukana mimi, si Mkurugenzi. Kwa hiyo nilijifunza haraka kupenya katikati ya mikokoteni na wachukuzi kwa mwendo wa nusu klachi.

Hapa ngoja niwaeleze nyie vijana wa bodaboda, maana kila siku mnakwaruza gia dirishani kwangu mpaka meno yananiuma. Klachi ndiyo inayoachanisha injini na gia. Ukibana mkono wa klachi, ule wa usukani upande wa kushoto, waya unavuta, sahani za chuma zilizo ndani zinaachana, unabadilisha gia kwa adabu. Ukiachia, zinashikana, unakwenda. Waya hurefuka na sahani huliwa, kwa hiyo lazima nati izungushwe mara kwa mara. Na kabla waya haujaanza kuvuta, mkono ule lazima ucheze bure kidogo, kiasi cha unene wa sarafu. Fundi Mkuu wetu aliiita nafasi hiyo pumzi.

"Usipoiachia pumzi, sahani zitateleza mpaka ziungue," aliniambia. "Na upime injini ikiwa moto. Chuma kikipata moto hutanuka, pumzi inapungua."

Fundi Mkuu alikuwa mzee wa Gerezani, mwenye wajukuu wengi na maneno machache. Kanuni ilimkataza tarishi kugusa injini. Kila kitu kilitakiwa kipelekwe gereji na kiandikwe kitabuni. Lakini gereji haikuwa na vipuri, na pikipiki iliyoingia ilikaa humo miezi. Basi mzee akaniazima spana yake mwenyewe, namba kumi, nikawa narekebisha klachi nyumbani, naye kitabuni anatia sahihi kana kwamba kazi ameifanya yeye. Hakumfanyia hivyo tarishi mwingine. Alinifanyia mimi kwa sababu alijua habari za mke wangu.

Mke wangu, Somoe, alikuwa Newala kwa wazazi wake. Mimi Mchafukoge nilikuwa na nusu ya chumba cha uani. Nusu nyingine ilikuwa ya tarishi mwenzangu, pazia katikati. Huwezi kumleta mke nyuma ya pazia. Shirika lilikuwa na nyumba Ilala, vyumba viwili na jiko, na Meneja Utawala aliwagawia wenye ndoa ambao faili zao ni safi. Kwa tarishi, faili safi maana yake pikipiki isiharibikie mikononi mwake. Nilisubiri miaka minne. Upweke wa miaka ile siwezi kuupamba. Enzi zile, Jumapili ikishafika saa nane mchana, vyombo vya moto vilikatazwa barabarani bila kibali, ili kubana mafuta. Mji ulinyamaza. Mwenzangu alikuwa kwa ndugu zake, majirani wanaitana kula, na mimi nimekaa uani nazungumza na pikipiki. Kuna Jumapili sikusikia jina langu likitajwa na mtu yeyote tangu asubuhi hadi nilipolala.

Mwaka wa nne jina langu likafika juu ya orodha. Somoe akaja kunitazama, mwenzangu akiwa likizo. Jumapili ile gia ya kwanza ilikuwa inagoma kuingia, kwa hiyo nikaitoa spana. Nikiwa peke yangu nilizoea kuufunga mkono wa klachi kwa kipande cha tyubu ili nipate mikono miwili ya kufanyia kazi. Siku ile Somoe aliketi kwenye kigoda akaushika yeye. Nikizungusha nati namwuliza kama unavuta, naye anajibu huku akiyacheka masikio yangu yaliyojaa grisi. Nilikuwa na furaha, lazima niseme. Akasema mkono bado unachezacheza. Nilijua kwamba ndivyo unavyotakiwa, lakini nilitaka anione fundi, nikakaza tena mpaka mchezo wote ukaisha. Injini ilikuwa baridi, na saa nane imeshapita, nisingeweza kutoka kuijaribu. Nikajiambia nitairudisha ile pumzi asubuhi.

Asubuhi tulichelewa kuamka, sikuirudisha. Mtaa wa Msimbazi, injini ilipopata moto, ikaanza kunguruma bila pikipiki kwenda. Nikaongeza mafuta, ndiyo nikaimaliza. Harufu ya sahani zilizoungua ilipanda hadi puani. Mchukuzi mmoja alinisaidia kuisukuma hadi gereji, na foleni ya sabuni ilisubiri hati zangu mpaka adhuhuri.

Kesho yake Meneja Utawala alituita mimi na Fundi Mkuu. Kitabu cha gereji kilikuwa wazi mezani, na kwa wiki ile mzee alikuwa ameshatia sahihi yake mapema, kama kawaida. Meneja akauliza ni nani hasa aliyeirekebisha klachi ile. Jibu nilikuwa nalo. Nilijua pia kwamba nikilitoa, vyumba viwili vimekwenda.

"Ni Fundi Mkuu, ndugu Meneja," nilisema. "Mimi siruhusiwi kuigusa."

Mzee alinitazama, wala si kwa muda mrefu. "Kama Issa amesema hivyo," alisema, "andika hivyo."

Akashushwa cheo na kuhamishiwa tawi la Shinyanga, imebaki miaka michache tu astaafu, mbali na wajukuu wake wote. Sikuthubutu kwenda stesheni kumuaga. Spana yake nilimtuma mtu amrudishie.

Funguo za Ilala nikakabidhiwa. Jioni ya kwanza, tumeketi mkekani, nilimweleza Somoe yote, nikidhani ataona jinsi nilivyompigania. Aliniuliza kwanza kama yule mzee ana familia. Nikamjibu. Akasema, "Issa, ule mkono niliushika mimi. Leo kosa umemtupia mzee wa watu. Kesho utamtupia nani?"

Nikamwambia nilifanya kwa ajili yake.

"Basi mimi nyumba hii siitaki."

Alikaa siku tano, akinipikia na kunijibu vizuri, kisha akapanda basi la kusini. Baada ya mwaka kaka yake aliniandikia kuomba talaka, nikaitoa.

Kazi niliendelea nayo miaka ishirini na mbili zaidi. Mameneja walikuja na kuondoka. Mmoja alitaka tumwite ndugu, mwingine mheshimiwa, na wote walinipa hati zile zile. Wanawake wa kuoa hawakukosekana, ila kila nilipofika mahali pa kumweleza mtu kwa nini naishi peke yangu katika vyumba viwili, maneno yaliniishia. Fundi Mkuu alistaafu akarudi Gerezani. Njia yangu ya kazi ilipita barazani kwake. Nilimwamkia shikamoo nikiwa juu ya pikipiki, naye akaitikia, "Marahaba, Issa," kwa sauti ile ile ya zamani. Siku zote hizo sikuwahi kuzima injini. Nilikuja kuizima siku ya msiba wake, nikasimama nyuma kabisa ya watu.

Nimewafundisha vijana wengi kurekebisha klachi, na hakuna niliyemfundisha vibaya. Mengine sina wa kumfundisha. Ukimtupia mtu kosa lako, unaendelea kula na kulala, unaendelea hata kusifiwa kazini. Ila ukirudi nyumbani ndipo unapokutana na wewe mwenyewe, na hakuna mwingine wa kuzungumza naye.

Nilipostaafu ilibidi niirudishe nyumba. Karani wa majengo, binti mpole, alikuja na fomu akapitapita vyumbani. Akaniuliza wakazi wangapi wanahama. Nikamwambia mmoja. Akatazama karatasi za zamani, akakunja uso.

"Mbona hii ni nyumba ya familia, mzee? Hapa familia haikuwahi kukaa?"

"Ilikaa," nilimjibu. "Siku tano."

Akadhani namtania. Akacheka, akagonga muhuri.