Mshika Kanga wa Video

Televisheni ya kwanza kuingia kwenye nyumba niliyopanga pale Temeke ilikuwa haina stesheni. Nikiwaambia wajukuu hawanielewi. Stesheni walikuwa nazo Unguja, huku kwetu bado, sie tulikuwa na kioo, deki ya video na mikanda ya kukodi. Zilikuwa zama za ruksa, vitu vimeanza kuingia, sabuni za kunukia, mashati ya maua, na kila mwenye ndugu anayekwenda Uarabuni akaletewa chochote. Mpangaji wa chumba cha jirani na changu, mumewe alikuwa anafanya kazi ya zamu bandarini, yeye akaletewa deki. Tangu hapo tukamwita Mwenye Video, na jina lake la kuzaliwa hata sijui kama niliwahi kulijua.

Mie kusoma nilisoma kidogo sana, kwenye yale madarasa ya watu wazima, na mwalimu mwenyewe alikuwa analala. Basi msishangae nikipotea njia nikiwa naandika. Nilikuwa mjane. Mume wangu alikuwa Mmakonde, mchonga vinyago, mie Mzaramo wa hapahapa, na ndugu zangu walininunia nilipoolewa naye mpaka wakachoka kununa. Alikufa kwa kifua. Nikakaa eda, nikatoka, nikaendelea kuchoma vitumbua vyangu asubuhi. Saa nne vimekwisha, nimerudi, siku nzima iko mbele yangu. Na aliyezoea kupika kwa wawili, akipika kwa mmoja hawezi kukadiria. Kila siku ugali unabaki, kila siku unajiambia kesho nitapunguza.

Ndiyo maana ile video ilikuwa kitu kikubwa kwangu. Baada ya adhuhuri, waume wakiwa kazini, wanawake wote wa nyumba tunaingia kwa Mwenye Video, tunajibana mkekani, pazia linashushwa. Tulikuwa tunaangalia michezo ya Wazungu ya mambo ya mke na mume. Mume kapata mwingine, mke kagundua, wanagombana jikoni, na hilo jiko kubwa kuliko nyumba yetu yote. Alikuwapo binti mmoja mpangaji, kamaliza fomu foo anangojea kazi, huyo ndiye mfasiri wetu. "Anamwuliza ulikuwa wapi. Anasema kazini. Anamwambia mwongo." Na sie tunarukia, "Mwongo huyo! Mnuse shati, dada, mnuse shati!" Tunamfundisha Mzungu namna ya kumbana mume.

Sasa hiyo michezo haikosi sehemu zile. Wamegombana vizuri, wamelia, mara mkono umeshika kifungo. Siku ya kwanza ilipotokea, wengine walijifunika nyuso, mmoja akakimbilia uani akajigonga kwenye mlango. Mwenye Video akaivua kanga yake ya kichwani akanitupia. "Dada, ziba! Ziba wewe! Wewe umeshamaliza mambo haya, hayakusumbui." Wakacheka. Na mie nikacheka, nikaenda kuziba kioo. Toka siku ile ikawa ndiyo kazi yangu. Wakipiga kelele "Kanga! Kanga!" nasimama. Picha ikitulia nashusha, nakaa.

Nitasema jambo ambalo huenda mtaniona sina haya. Wanawake walewale ukiwakuta kwenye unyago, wanamcheza mwali, viuno vile na nyimbo zile, Mzungu angeomba kanga yeye. Hawakuwa wageni wa mambo. Mie nadhani kilichowashinda ni busu. Mambo mengine walikuwa nayo majumbani, hilo la mtu kumshika mwenzake uso, akamtazama kwanza, kisha akambusu taratibu kama hana haraka ya kwenda popote, hilo hawakuwa nalo. Ukitazama vizuri, walikuwa wanaita kanga kabla nguo haijavuliwa. Wanaiita kwenye ule uso.

Na mfasiri naye kanga ikipanda ananyamaza. Ndiyo ilikuwa desturi, hakuna aliyepanga. Nani atamfasiria mama mzima maneno ya kitandani? Kwa hiyo yote waliyosemeshana wale watu wakiwa wamelala, hatukuyajua.

Lakini kanga ni nyepesi jamani. Aliyekaa mkekani anaona maua ya kanga tu na mwanga nyuma yake. Aliyesimama karibu, ameishika pembe mbili, anaona. Siku nyingi nilikuwa naangalia pembeni. Siku moja sikuangalia pembeni. Yale mambo yakapita, hayakuwa marefu kama mnavyofikiri. Nikataka kuishusha, nikaona wale wawili bado wamelala, taa ndogo inawaka. Mwanamume kageuka, kamtazama mkewe kisogoni, akasema neno fupi. Mwanamke akajibu bila kugeuka. Mwanamume akamvutia shuka begani. Basi. Hawakufanya kitu kingine. Mie nikabaki nimeishikilia ile kanga.

"Shusha basi, dada, wamemaliza!"

"Bado," nikasema.

"Bado nini? Mbona kimya?"

"Hawajamaliza."

Mke wa fundi cherehani, mwenye mdomo kuliko wote, akadakia, "Hee! Na wewe uliyemaliza unajuaje kama hawajamaliza?"

Wakaangua kicheko mpaka mkeka ukateleza. Na mie sijui kilinitoka wapi. Nikageuka nikawaambia, "Nani kawaambia mie nimemaliza? Mie sijamaliza."

Kicheko kikakatika. Mmoja akamtazama mwenzake. Mwenye Video akasema, "Haya, haya, shusha tuone," lakini sauti haikuwa ileile. Nilikuwa na miaka arobaini na kidogo, nyie, na meno yangu yote. Nikaona wananitazama kana kwamba nimeingia sasa hivi. Mjane aliyemaliza ni dada wa watu wote, atalea watoto, ataziba kioo. Mjane ambaye hajamaliza, mnaishi naye nyumba moja, choo kimoja, na waume zenu wanapita ukumbini na taulo. Sikuwalaumu. Ningekuwa na mume ningefanya hayohayo.

Kesho yake nimeoga, nimevaa, nikapiga hodi. Mwenye Video akachungulia mlangoni. "Dada, deki imeharibika." Nikasema pole. Nikarudi chumbani kwangu nikakaa kitandani. Ukuta wetu haukufika kwenye bati, juu paliachwa wazi, na deki iliyoharibika niliisikia yote. "Anamwambia nimekuchoka. Anamwambia na mie pia." Kisha mfasiri akanyamaza, nikajua wamefika palepale. Sijui nani alikuwa amesimama.

Ikawa hivyo siku zote. Uani tunasalimiana, "Umeamkaje?" "Salama," ila mazungumzo yanakatika nikifika na ndoo. Mume wa mtu akinisalimia, mkewe anaanza kukohoa. Nikajifunza kuoga wakiwa wamelala.

Halafu mchana mmoja Mwenye Video akaja kwangu. Akasimama mlangoni, hakukaa, akaomba chumvi. Nikampa. Akabaki.

"Dada, siku ile, wewe uliona. Yule mwanamume alisema nini pale mwisho?"

"Mie Kiingereza nakijulia wapi?"

"Si uliona lakini."

Nikamtazama. Mtoto wa watu, mikono imefura kwa kufua ovaroli za bandarini. Nikamwambia, "Alimwuliza, umelala?"

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo. Mwanamke akasema bado. Mwanamume akasema haya."

Yale yalikuwa maneno ya Mmakonde wangu. Kila usiku aliniuliza, hana haja ya kitu, nikisema bado anasema haya, analala yeye. Sikumwambia yametoka wapi. Akashukuru chumvi akaenda. Hakusema karibu kesho.

Wiki hiyohiyo mumewe alitoka zamu asubuhi, nikasikia anavua viatu, kitanda kinalia. Kisha sauti ya Mwenye Video, ndogo, kama anajaribu nguo ya mtu mwingine:

"Umelala?"

"Kwani unataka nini?"

Mie upande wangu nilikuwa nimekaa na vitumbua vilivyobaki siku hiyo, nikamngoja Mwenye Video aseme chochote, hata haya. Hakusema.