Dodoso la Mjini na Kengele ya Pinga

Dodoso la kupima hofu nililolibeba kwa pikipiki hadi shule ya sekondari ya Pinga lilitungwa kwa ajili ya vijana wa mjini, na waliolitunga hawakujisumbua kulificha hilo. Swali la nne liliuliza kama mwanafunzi hupatwa na hofu akiwa ndani ya lifti.

"Lifti njo nyama gani?" aliuliza mmoja, akidhani ni mnyama, darasa likaangua kicheko. Nilieleza, kwa usahihi uliopitiliza, kwamba ni chumba kidogo kinachopandisha watu ghorofani. Wakataka kujua kwa nini mtu mwenye miguu aingie humo. Mimi, mwenye shahada ya uzamili katika saikolojia, nikarukia swali la tano.

Kulikuwa na msichana mmoja wa darasa la mwisho. Tangu kijiji chao kiliposhambuliwa, kila kengele ilipogongwa alijitupa chini. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa uani, ikigongwa kwa nyundo. Prefe, mkuu wa shule, alisubiri dodoso langu ili aamue kama msichana huyo atabaki hadi mtihani wa taifa au atarudishwa nyumbani.

Msichana akajibu "hapana" kwa kila swali: hakuogopa lifti, wala foleni za magari, wala ujumbe usiojibiwa simuni. Kwa mujibu wa jedwali la alama, alikuwa na afya njema kabisa.

Prefe alituita ofisini, mimi na msichana. "Karatasi inasema mutoto iko muzima. Njo kusema anatuchezea. Aende kwao."

Nilipaswa kubisha palepale. Badala yake nilijiuliza: kosa ni la swali, au la jedwali? Nilikuwa bado naigawa hoja hiyo katika vipengele kengele ilipogongwa, nami nikajikuta chini ya meza ya Prefe. Msichana alikuwa amenitangulia. Nilipokuwa njiani kuja Pinga, karibu na Kalembe, mimi na dereva wa pikipiki tulilala mtaroni risasi zikipita juu yetu. Kesho yake nilijipima kwa dodoso hilohilo, likanitangaza mzima.

"Papa Prefe," msichana akasema hukohuko chini, "na Monsieur naye iko anacheza?"

Prefe aliinama akatutazama. "Sasa nifanye je? Nikatalie shule nzima kengele?"

"Munipe nyundo. Kama niko nagonga mimi, nitajua inakuya saa gani."

Prefe akampa, kwa majaribio. Kipindi kilipokwisha msichana aligonga mara tatu, macho wazi, akabaki amesimama.

Ofisi ya mjini ilinirudishia ripoti: sehemu ya "tiba iliyotolewa" haikubali neno nyundo. Msichana alibaki darasani hadi mtihani. Mimi, siku zote nilizobakiza Pinga, saa ya kengele ilipokaribia nilitoka nje, nikasimama mahali nilipoweza kuuona mkono wake ukiinuka.