Nilimsingizia Nesi Aliyemtunza Mama Yangu

Mimi ndiye mwenye makosa. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema lingine, kwa sababu siku ya mazishi watu walinishika mkono wakaniambia nimemtunza mama vizuri sana, na mimi nikaitikia, "Asante." Asante ya nini? Haki ya Mungu, wangejua hawangenigusa!

Mama alikuwa na kansa ya kizazi. Daktari alipotuambia kilichobaki ni kumtuliza maumivu tu, nilimtoa kwake Ngoliba nikamleta Mwihoko, kwa nyumba ninayokodisha. Mimi nafanya kazi kwa kiwanda cha juisi huko Thika, natoka asubuhi narudi jioni. Kuna ofisi inayotuma manesi kwa nyumba za wagonjwa kama yeye. Ndiyo iliyotuletea Eunice.

Eunice alikuwa mama wa makamo, mfupi, mpole wa sauti. Alifika kabla sijatoka na kuondoka nikirudi. Alimwosha mama, akambadilisha pampasi, akamgeuza kila baada ya muda asitoke vidonda, akampimia mofini, ile dawa ya maji ya maumivu. Na walicheka! Mama yangu, ambaye kwangu alikuwa anajibu neno moja moja, kwa Eunice alikuwa anasimulia mambo ya usichana wake, mambo mimi sijawahi kusikia.

Wivu ulianza hapo. Nauita kwa jina lake sasa. Wakati ule niliuita uchovu.

Mimi nilipewa jina la nyanya yangu, mama yake mama. Kwa hivyo tangu nikiwa mdogo mama aliniita "Maitu", mama yangu, vile Wakikuyu huita binti aliyepewa jina la mama yao. Hakuna mtu mwingine aliitwa hivyo. Jioni moja nikiingia mlangoni nikasikia, "Maitu, nigeuze kidogo." Nikaenda mbio. Kumbe alikuwa anamwambia Eunice!

Woi! Nilisimama hapo na sukuma wiki mkononi kama mgeni kwa nyumba yangu.

Jumapili, Eunice akiwa mapumziko, nikaamua kumgeuza mama mwenyewe.

"Mum, wacha nikugeuze."

"Ngoja tu Eunice kesho," akasema. "Yeye anajua."

Nikakasirika. Nikamshika mkono nikamvuta. Mama alipiga nduru ambayo mpaka leo naisikia nikiosha vyombo. Nilimwomba msamaha, akafunga macho.

Jumatatu jioni Eunice alinivuta kando. "Dada, mkono wa mama una alama. Sikulaumu, hakuna mtu huzaliwa akijua hii kazi. Kesho nitakuonyesha vile anageuzwa kwa shuka, bila kuvutwa."

Aliongea vizuri, hata akanishika bega. Lakini mimi nilisikia mashtaka tu. Nikajiambia huyu sasa ataenda kunisema, na mama atamuunga mkono.

Kwa hivyo nikawahi mimi. Kesho yake, saa ya chai kazini, nikapigia ile ofisi.

"Nesi wenu anamuumiza mama yangu. Ana alama mkononi."

"Umeona akimuumiza?" msimamizi akauliza.

"Nimeona."

Neno moja tu! Msimamizi alikuja siku hiyo hiyo jioni. Akatazama mkono. Mama alikuwa amelala kwa sababu ya dawa, na msimamizi alipotaka kumuuliza, nikasema, "Tafadhali msimwamshe, amechoka." Eunice alikuwa amesimama kando ya kitanda. Alinitazama tu. Nilingoja anitaje, hakunitaja. Akachukua mkoba wake, akamfunika mama miguu vizuri, akatoka.

Ofisi ikamsimamisha Eunice kazi, ikasema itatafuta nesi mwingine lakini wako wachache, nivumilie. Nikaomba ruhusa kazini. Nikajiambia sasa mama ni wangu peke yangu.

Ngai, Mungu wangu! Sikujua kazi ya yule mwanamke ilikuwa kubwa hivyo. Mofini niliiogopa, nikawa nampa kidogo kuliko ilivyoandikwa, nikisubiri kwanza alie. Kumgeuza pia niliogopa, nikamwacha alale upande mmoja. Kabla ya wiki kuisha nyonga ilikuwa na kidonda, na harufu yake ilijaa nyumba yote.

Na kila asubuhi mama alitazama mlango.

"Eunice yuko wapi?"

"Amepewa wagonjwa wengine, Mum."

"Bila hata kuniaga?"

"Ndiyo vile kazi yao iko."

Siku ya nne hakuuliza tena. Aligeuza uso kwa ukuta. Nikimletea uji anakunywa vijiko viwili, anasema, "Inatosha." Hakuniita Maitu, hakuniita kitu. Aliaga dunia Alhamisi asubuhi nikiwa jikoni nachemsha maji ya kumwosha. Huyo nesi mwingine alikuwa bado hajapatikana.

Baada ya mazishi nilikaa wiki mbili. Kisha nikaenda ile ofisi nikasema ukweli wote. Msimamizi alilia kuliko mimi. Akampigia Eunice arudi kazini. Eunice akasema hapana, hawezi tena kuingia nyumba ya mtu. Lakini akakubali nimwone.

Nilimpata kwake Ruiru akianika nguo. Nikapiga magoti hapo hapo kwa matope, nikaeleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama aliniulizia?"

"Kila siku. Mpaka akachoka."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia nilichosema. Eunice alishika ile kamba ya nguo.

"Hiyo ya kazi nitakusamehe," akasema. "Mungu atanisaidia. Lakini mama yako alikufa akifikiria nilimtupa. Hiyo utaniambia nikusamehe vipi?"

Nilirudi nyumbani na hilo swali. Ninalo mpaka leo.

Ndugu yangu unayesoma, kama una mgonjwa nyumbani na moyo wake umeshikana na anayemuuguza, mwache ampende. Hajakunyang'anya kitu. Ukisikia wivu unakupanda, enda jikoni ulie, halafu umpikie huyo nesi chai, umwambie akufunze. Na kama umeshadanganya kama mimi, usingoje mazishi yapite. Sema leo, mgonjwa wako akiwa bado anasikia.