Nyuma ya Eriki, Migombani Kibosho

Shule ninayofundisha Voi ilipofunga kwa likizo ndefu, nilikaa nyumbani siku chache tu nikaanza kuzunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi si mtu wa kutulia. Rafiki yangu Ndeshi, anayefundisha watoto wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji huko Moshi, alikuwa ameniomba mara nyingi nikamsaidie. Nikafunga begi.

Mpakani Holili, afisa aliniuliza kama nakwenda kupanda mlima.

"Nakwenda kujitolea kwa watoto," nilimjibu.

"Basi utachoka kuliko wapanda mlima," akasema, akagonga muhuri.

Huko Pasua, mtaa wa Moshi, darasa la Ndeshi lilikuwa vyumba viwili vilivyojaa kelele. Nilipenda kazi hiyo tangu asubuhi ya kwanza. Lakini kabla wiki haijaisha, Ndeshi alinituma Kibosho, juu mlimani, kwa mama mmoja ambaye alimfahamu hospitalini lakini akakataa kumleta mwanawe darasani.

Kibosho nilimkuta mama huyo, Felista, akikata majani ya ng'ombe. Mwanawe Eriki, wa miaka kama minane, alikuwa amefungwa mguu kwa kitambaa kwenye nguzo ya zizi. Alikuwa akizunguka nguzo ile, akirudi, akizunguka tena.

"Mama, kwa nini umemfunga?" nilimuuliza, hata kukaa sijakaa.

Hakuona haya. "Dada, huyu akiachiwa anakimbia. Hasemi, hasikii akiitwa. Baba yake yuko kwenye mashamba ya miwa huko chini. Mimi nikiwa kazini, nani atamkimbilia?"

"Mimi."

Alinitazama, kisha akainama akafungua fundo.

Tangu hapo nilipanda Kibosho kila siku. Eriki alikimbia, nami nikakimbia nyuma yake katikati ya migomba na mibuni ya shamba lao, kuruka mifereji, mpaka magoti yakaniuma. Usiku nililala nikihisi miguu bado inakwenda.

Alasiri moja alinipotea. Nilipita vichochoro nikimwita, huku nikijua haitikii. Sauti za watu zikanivuta hadi madukani. Wanaume wawili walikuwa wamemshika mikono; kwapani ana mkate aliouchukua dukani. Wa tatu ameinua fimbo.

"Msimpige! Huyo hawezi kusema!"

"Mtoto wa nani?" mwenye duka aliuliza.

"Wa Felista, hapo chini ya kanisa."

"Felista ana binti tu, yule anayesoma bweni. Mimi jirani yake, nisijue?"

Umbali wa kutupa jiwe kutoka kwao, na hakuna aliyejua kama mtoto huyu yupo duniani.

Nilipomsimulia Felista, alikaa chini palepale. "Alipozaliwa walisema nimelaaniwa," alisema. "Nikaona afadhali wasimuone."

Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge cha kanisani, akamshika Eriki mkono mmoja, nami mwingine. Tuliingia nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo, mama. Huyu ni mwanangu, Eriki. Hasemi. Mkimuona peke yake, mnirudishie."

Wengine waliwavuta watoto wao pembeni. Bibi mmoja alimpa mtori, supu ya ndizi. Eriki akautema kwenye kanga yake, na bibi akacheka mpaka akakohoa. Felista naye akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Siku ya kuondoka sikutaka kuondoka. Ndani ya basi la kwenda Holili niliinuka kitini mara kadhaa, kana kwamba kuna mtu wa kumfuata. Nilikuwa nimekwenda nikidhani mtoto kama huyo anahitaji mtu mwenye mbio. Kumbe mbio zangu zilikuwa za likizo moja tu. Yeye anaishi pale siku zote, na anahitaji kijiji kinachomjua.

Voi, nikiwa nimesharudi darasani, Felista alinipigia simu.

"Dada, leo amekimbia tena."

Niliinuka kitini. "Nani amemrudisha?"

"Kijana wa bodaboda. Mimi simfahamu hata kidogo," alisema. "Lakini alikuwa akimwita kwa jina lake, Eriki."