Aliyemvunja Pua Mfalme wa Kivinje

Niliondoka Mitwero kwa sababu ya pua. Katika ukoo wetu inajulikana kwamba babu yake baba mdogo alimvunja pua mfalme wa Wajerumani, yule wa sanamu ya mawe iliyosimamishwa Kilwa Kivinje, akachapwa viboko kwa ushujaa huo. Idi iliyopita mkwe wetu Hamisi, mzaliwa wa Kivinje, alisema mbele ya sinia la pilau kwamba kwao wanasimulia vingine. Baba mdogo akanawa mikono, na tangu hapo hawasemezani. Binti yake, mke wa Hamisi, ndiye aliyeniomba niende nikaulize.

Asubuhi nilipanda basi, nikashuka Nangurukuru na kuchukua bajaji.

Kivinje nilifika adhuhuri. Mfalme hayupo. Aliondoka zamani, hakuna ajuaye alikokwenda wala anayemtafuta. Imebaki nguzo aliyosimama juu yake, na siku hiyo palikuwa pamesimama mbuzi, ametulia kama anayesubiri kupigiwa saluti.

Bi Zuhura, bibi yake Hamisi, alinikaribisha kwa chai na mihogo. Nikampa shikamoo yake, nikamweleza kilichonileta. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia aliyerusha jiwe ni babu yake yeye, tena alikuwa analenga kunguru. Babu yetu sisi alikuwa na kazi ya kumwosha mfalme uso kwa brashi kila asubuhi, maana kunguru hawakumheshimu.

Nilijiona nimesinyaa pale mkekani. Nikauliza, "Na viboko je?"

"Viboko alikula babu yenu," akasema, na sasa hakucheka. "Aliona kila kitu. Wajerumani walitaka jina, hakulitoa. Babu yangu alikuwa hajaoa bado. Wangemchukua, mimi ningetoka wapi?"

Magharibi nilikuwa Mitwero. Nilimsimulia baba mdogo yote, kunguru na brashi vikiwamo.

"Kumbe sisi ni waosha sanamu," akasema.

Nikamjibu ndiyo, na wajukuu zake wapo duniani kwa kuwa mwosha sanamu mmoja alifunga mdomo. Akaomba simu yangu, akampigia Hamisi, akamuuliza hali ya watoto, kisha akamwambia waje Ijumaa, na Bi Zuhura wamlete.

Nilikwenda kumtafuta shujaa aliyevunja kitu. Nimerudi na mzee aliyepigwa akanyamaza, na nadhani mgongo ulipopoa alichukua brashi yake, akaenda kumwosha mfalme asiye na pua.